Kaunsili imekunyima vibali vya maegesho ya wageni: jinsi ya kupinga

Mwongozo huu ni wa Waswahili wanaoishi Uingereza, kwenye mitaa ambayo gari halikai mchana bila kibali. Nimewasaidia majirani kadhaa kupinga barua za namna hii, na kila mara naona jambo lilelile: anayezuiwa kuegesha ni mgeni, lakini anayeumia ni mwenyeji. Mama mtu mzima anayeishi peke yake akikosa vocha (kibali cha muda mfupi cha gari la mgeni), watoto wake hawaji siku za kazi. Nyumba ikipata msiba, vocha za mwaka mzima zinakwisha kabla hitma haijasomwa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tuyaache, ni mambo ya magari tu.

Sheria ninazozitaja ni za England. Ukiwa Wales au Scotland, mwendo unafanana lakini ofisi ya mwisho ya malalamiko ni nyingine.

Hatua ya 1: Jua unapinga nini

Kuna mambo matatu watu huyachanganya. La kwanza, umeomba kibali au vocha za wageni ukakataliwa, au ulizokuwa nazo zimefutwa. La pili, kaunsili imebadili utaratibu kwa mtaa mzima: imepandisha bei, imepunguza idadi, au imeacha vocha za karatasi na kuhamia mtandaoni. La tatu, mgeni wako amekwisha kupigwa faini. Kila moja lina mlango wake na muda wake. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni la kwanza. Hayo mawili nimeyaweka mwishoni.

Hatua ya 2: Pata uamuzi kwa maandishi

Usibishane kwa simu. Tuma barua pepe, uombe sababu ya kukataliwa na kifungu walichokitegemea. Kama jibu lilitokea kwenye skrini ya akaunti yako tu, lipige picha siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Tafuta amri yenyewe

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na hapa ndipo kesi nyingi huamuliwa. Nenda polepole.

Kaunsili haina uwezo wa kugawa au kunyima vibali kwa kupenda tu. Uwezo huo unatoka kwenye sheria ya mwaka 1984, Road Traffic Regulation Act, na kwa kila eneo kaunsili hutunga amri rasmi. Nje ya London inaitwa Traffic Regulation Order, na London yenyewe Traffic Management Order. Ndani ya amri hiyo ndimo mlimoandikwa nani ni mkazi, nani anastahili kibali cha mgeni, na kwa masharti gani. Maelezo ya tovuti ya kaunsili ni muhtasari ulioandikwa na mtu wa ofisini, na nimeona muhtasari ukisema jambo ambalo amri haisemi. Barua ya kukataa mara nyingi hunakili muhtasari huo.

Usiwaulize watu wa dawati la vibali. Wengi wao hawajawahi kuiona amri. Wanafuata kile mfumo unachowaonyesha. Iandikie timu ya amri za barabarani, ambayo kwa kawaida iko chini ya idara ya barabara au uchukuzi. Sentensi moja inatosha: naomba nakala ya amri inayohusu vibali vya maegesho katika mtaa huu, pamoja na marekebisho yake yote yanayotumika leo. Maneno “marekebisho yake yote” usiyaache. Amri moja inaweza kuwa imerekebishwa mara nyingi, na ukisoma ya zamani peke yake utajenga hoja juu ya kifungu kilichokwisha kufutwa. Kwa London, matangazo ya amri hizi huchapishwa pia katika The Gazette, gazeti rasmi la serikali, na unaweza kuyatafuta mtandaoni bure kwa jina la mtaa.

Ukiipata, usianze ukurasa wa kwanza. Soma sehemu hizi kwa mpangilio huu.

Anza na tafsiri za maneno. Tazama neno mkazi limefafanuliwaje. Amri nyingi husema ni mtu ambaye makao yake ya kawaida yako kwenye anwani iliyotajwa. Hapo hapasemwi kwamba lazima jina lako liwe kwenye bili ya kodi ya kaunsili. Mpangaji wa chumba ambaye kodi hiyo inalipwa na mwenye nyumba hukataliwa kila siku kwa sababu mfumo haukuona jina lake. Kama amri inataka makao tu, mkataba wa pango na barua ya benki vinaonyesha makao.

Kisha nenda kwenye jedwali la mitaa na namba za nyumba. Soma kwa kidole, mstari kwa mstari. Utakuta kitu kama “namba shufwa 34 hadi 52”, halafu nyumba ya 46 imegawanywa kuwa fleti A na B, na mfumo unaijua A peke yake. Kosa la aina hii ni la kumbukumbu za anwani, na linarekebishwa ukilionyesha. Nyumba za kona nazo zina shida yake: mlango uko mtaa huu, anwani ya posta mtaa ule. Fleti zilizo juu ya maduka pia husahaulika.

Sasa tahadhari kubwa. Jengo jipya, au nyumba iliyogeuzwa fleti, linaweza kuwa limepewa ruhusa ya ujenzi kwa sharti kwamba wakazi wake hawatapata vibali. London jambo hili ni la kawaida sana, na wakala aliyekupangisha huenda hakukwambia. Fungua rejista ya mipango miji ya kaunsili, weka anwani yako, usome hati ya uamuzi na makubaliano yaliyoambatana nayo. Ukilikuta sharti hilo, usikate tamaa mapema. Angalia mambo matatu: je, sharti linataja vibali vya wakazi tu au na vya wageni pia? Je, wenye Blue Badge, kadi ya maegesho ya walemavu, wameachwa nje ya katazo, kama ilivyo mara nyingi? Na je, anwani yako imeondolewa kweli kwenye jedwali la amri? Ikiwa majibu yote yako upande wa kaunsili, hoja ya anwani imekufa. Ruka hadi hatua ya 5.

Mwisho, tafuta ibara inayohusu kutoa, kukataa na kufuta vibali. Ikisema kaunsili “inaweza” kutoa, maana yake ina hiari, na mwenye hiari lazima aitazame hali ya mtu mmojammoja. Kujibu tu kwamba “sera yetu hairuhusu” bila kuangalia mazingira yako ni kosa la utaratibu, na ni hoja nzito kuliko malalamiko yote ya bei. Ikiwa amri haitoi hiari yoyote, afisa hawezi kukusaidia hata akitaka. Hapo omba amri irekebishwe, na kazi hiyo ianzie kwa diwani wako.

Hatua ya 4: Barua

Iwe ukurasa mmoja, kwa Kiingereza chepesi, iliyotumwa kwa barua pepe. Sipendi fomu za malalamiko za mtandaoni, kwa sababu nyingi hazikuachii nakala ya ulichoandika. Ikiwa hakuna njia nyingine, andika kwanza pembeni, uhifadhi, ndipo unakili.

Taja tarehe ya uamuzi, sababu waliyotoa, ibara ya amri inayosema tofauti, na unachotaka wafanye. Ambatisha ukurasa wa amri wenyewe, ukiwa umeweka alama kwenye mstari unaohusika. Usiambatishe amri nzima, hakuna atakayeisoma. Eleza pia athari kwa mambo yanayoonekana: nani haji tena, kazi gani ya uangalizi haifanyiki, nauli imeongezeka kiasi gani.

Andika wazi kwamba haya ni malalamiko rasmi, hatua ya kwanza. Bila maneno hayo barua yako inaweza kuhesabiwa kuwa swali la kawaida, na saa haianzi kuhesabu. Ukijibiwa vibaya, omba ngazi inayofuata. Wakati huohuo mpelekee diwani nakala. Nenda ukamwone siku anapopokea wananchi. Anayekuja na ukurasa uliowekwa alama husikilizwa.

Ukihisi kuna kitu kimefichwa, kuna njia mbili za bure. Kwa Freedom of Information Act ya mwaka 2000 unaomba nyaraka za jumla, kwa mfano mwongozo wa ndani wanaoutumia maafisa. Wanapaswa kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Kwa sheria ya ulinzi wa data unaomba kila walichoandika kukuhusu wewe, na muda wao ni mwezi mmoja. Naipenda zaidi hii ya pili, maana maelezo mafupi ambayo afisa ameandika kwenye akaunti yako mara nyingi huonyesha sababu halisi.

Hatua ya 5: Kama kuna ulemavu, maradhi au uzee

Uliza kwanza kama kaunsili yako ina kibali cha wanaokuja kumhudumia mgonjwa (carers' permit). Kaunsili nyingi wanacho, kiko kando na vocha za wageni, na hakitangazwi sana. Kwa ushahidi, usikimbilie barua ya GP ambayo huenda ukalipishwa. Kama unapokea PIP au Attendance Allowance, yaani posho za serikali kwa wenye ulemavu au maradhi, barua yake unayo tayari.

Equality Act ya mwaka 2010 inaitaka kaunsili ifanye marekebisho yanayofaa kwa mwenye ulemavu. Kama mgonjwa hawezi kutumia simu janja, omba vocha za karatasi au mtu wa kumsajilia wageni kwa simu, na utumie maneno hayo, reasonable adjustment, ili barua isomwe inavyostahili. Kifungu cha 149 kinawataka pia wafikirie athari za maamuzi yao kwa wazee na walemavu. Omba waonyeshe walivyofikiria.

Hatua ya 6: Ombudsman

Ngazi za kaunsili zikiisha, peleka shauri kwa Local Government and Social Care Ombudsman, ofisi huru inayochunguza malalamiko dhidi ya kaunsili. Ni bure, na kwa kawaida unapaswa kufika ndani ya miezi 12 tangu ulipolijua tatizo. Hawaangalii kama wao wangeamua tofauti. Wanaangalia kama kaunsili ilikosea katika kuamua, na kama kosa hilo limekudhuru. Kwa hiyo wapelekee ibara na jinsi ilivyovunjwa.

Kama utaratibu umebadilika kwa mtaa mzima

Amri mpya ikipendekezwa, kaunsili lazima itangaze na kutoa siku 21 za mapingamizi. Andika pingamizi lako, toa sababu, na uombe kusoma hati ya sababu za kaunsili. Waraka wenye saini mia una uzito kwa diwani, lakini hapa naona afadhali barua kumi tofauti, kila moja na sababu yake. Amri ikishapitishwa, kuipinga kwenyewe ni Mahakama Kuu, ndani ya wiki sita, na gharama zake ni kubwa. Pata mwanasheria kwanza.

Kupandisha bei peke yake kunaweza kufanywa kwa tangazo tu. Hata hivyo kuna mpaka. Mwaka 2013 mkazi wa Barnet, David Attfield, aliishinda kaunsili hiyo Mahakama Kuu baada ya bei ya vocha ya mgeni kupandishwa kutoka pauni 1 hadi 4, na kibali cha mkazi kutoka pauni 40 hadi 100. Jaji alisema sheria ya 1984 si ya kukusanyia mapato. Kaunsili yako ikiandika kwamba bei imepanda ili kuziba pengo la bajeti, hifadhi karatasi hiyo vizuri.

Kama mgeni amekwisha kupigwa faini

Asilipe ikiwa anataka kupinga, kwa sababu kulipa kunafunga kesi. Aandike pingamizi ndani ya siku 14, wakati punguzo la nusu bado lipo. Likikataliwa, kaunsili itatuma Notice to Owner, yaani barua rasmi ya kudai faini, kwa mwenye gari, naye ana siku 28 za kujibu rasmi. Baada ya hapo kuna baraza huru, London Tribunals kwa London au Traffic Penalty Tribunal kwingineko. Anayeandika ni mwenye gari, wala si wewe mwenyeji. Mpe barua inayoeleza kwamba uliomba kibali na ukanyimwa, ila ajue kuwa baraza linaamua faini tu: hata akishinda, kibali chako bado unakidai kwa hatua za juu.