Una siku mbili tu mjini? Hoteli ichague hivi

Mara ya kwanza nilipobuku hoteli mwenyewe mtandaoni nilipigwa na mstari mmoja tu, "dakika 5 kutoka katikati ya jiji". Na hizo dakika 5 zilikuwepo kweli, sikatai, ila ni kwa gari, usiku wa manane, taa zote zikiwa kijani. Mimi nilikuwa kwa miguu, saa 12 jioni, na begi la magurudumu, na kati yangu na hiyo katikati kulikuwa na barabara ya njia nane ambayo huvuki ila kwa daraja la ngazi. Nilizihesabu zile ngazi kwa hasira, 42 kupanda, nilipofika ya thelathini na kitu gurudumu moja likachomoka likawa linashuka peke yake, tok tok tok, mpaka chini. Siku zote mbili zilizobaki nililiburuta begi limeinama upande mmoja kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Basi tangu siku hiyo nikiwa na safari fupi mjini, hoteli naichagua kwa masaa. Kilomita zinafuata baadaye, nyota zinafuata baadaye kabisa.

Chukua karatasi tupige hesabu ya kawaida. Unatua Ijumaa saa 3 usiku, ndege ya kurudi ni Jumapili saa 10 jioni. Hapo una masaa 43. Toa usingizi wa usiku mbili, masaa 16, yanabaki 27. Toa kutoka uwanjani, kufika hotelini na kujimwagia maji, masaa 3. Toa ya Jumapili, maana saa 6 mchana inabidi uwe umeshaondoka kwenda uwanjani, hayo mengine 4. Unabaki na 20, na hujala, hujaoga, hujakaa chini kupumua, weka masaa 4 ya hivyo vyote. Jiji lote umepewa masaa 16 tu! Sasa hoteli yako ikiwa dakika 50 kutoka unapoenda, Jumamosi unatoka asubuhi, unarudi jioni kubadili nguo, unatoka tena, unarudi kulala, hiyo ni mara nne, Jumapili asubuhi kwenda na kurudi kuchukua begi mara mbili, jumla dakika 300. Masaa 5 kati ya 16 umekaa kwenye siti ya basi unaangalia dirisha. Ndo maana kwa mtu anayekaa wiki mbili hoteli ya mbali anaweza kuivumilia, wewe wa siku mbili inakumaliza.

Haya, sasa kabla hujafungua apu yoyote ya hoteli, fungua ramani kwanza. Hapa ndo watu wengi wanakosea mpangilio, wanaanza na picha za vitanda. Weka alama kwenye kila sehemu unayojua utaenda: ukumbi wa mkutano, hospitali unayompeleka mzazi, ubalozi wenye miadi ya viza, makumbusho, nyumba ya harusi, uwanja wa mpira, chochote. Afu weka na pale utakaposhukia na pale utakapoondokea (si lazima pawe pamoja). Zikishakuwa alama tano au sita utaona zenyewe zinajikusanya upande mmoja, na huo upande ndo katikati yako wewe. Ile "katikati ya jiji" ya kwenye apu ni nukta moja tu mwenye apu kaiweka, pengine mbele ya jengo la manispaa, ambako wewe huna shughuli nako.

Kuna wakati alama zinagawanyika makundi mawili. Hapo usitafute hoteli ya katikati ya makundi yote mawili, utakuwa mbali na kote. Lala kwenye kundi lenye kitu cha asubuhi sana au cha usiku sana. Kitu cha saa 2 asubuhi chenye kuchelewa kwake ni kesi, kama mtihani au miadi ya ubalozi, kilalie jirani kabisa, kwa miguu, ili hata treni zikigoma siku hiyo uwe unafika. Matembezi ya mchana yatajisogeza yenyewe.

Ukija kwenye umbali wenyewe, jua kwamba apu nyingi zinapima kwa mstari ulionyooka, kama ndege anavyoruka. Hazijali mto, reli, ukuta wa bandari, wala barabara kuu kama ile yangu ya ngazi 42. Angalia Istanbul: kwenye skrini ya simu hoteli ya Kadıköy unaiona ipo karibu tu na misikiti mikubwa ya Sultanahmet, unasema mbona hapo hapo, kumbe Kadıköy ipo upande wa Asia na Sultanahmet upande wa Ulaya, kati yake kuna bahari, unavuka kwa feri au kwa treni inayopita chini ya maji. Kuvuka ni kuzuri sana kwa kweli, feri yenyewe ni matembezi, ila usivuke mara nne kwa siku kwa sababu hukuzuum ramani. Na viwanja vya ndege vya mji huo navyo kimoja kipo upande wa Ulaya, kingine, Sabiha Gökçen, kipo upande wa Asia, kwa hiyo tiketi yako inasema nini ndo swali la kwanza.

Na kinyume chake kipo pia. Ramani ya metro, zile treni za mjini za chini ya ardhi, haifanani na ardhi, imechorwa isomeke tu. London kutoka Leicester Square mpaka Covent Garden ni stesheni mbili tofauti, mgeni anashuka chini, anasubiri treni, anapanda, wakati juu ya ardhi ni kama mita 300 hivi, ungeshafika zamani. Kwa hiyo umbali upime kwa njia ya miguu kwenye ramani ya kawaida, siyo kwa kuhesabu vituo. Kipimo changu ni mita 80 kwa dakika, ndo kipimo wanachotumia Japani kwenye matangazo ya nyumba, mita 800 ni dakika 10. Ukiwa na begi, mtoto au mzee, ongeza nusu yake. Kukiwa na mlima ongeza tena, na mlima kwenye ramani bapa hauonekani, waulize waliolala Lisbon.

Majina nayo yasikuchote akili. Hoteli inaweza kubeba jina la jiji na isiwe ndani ya jiji. Venice ndo mfano ninaoupenda: kuna stesheni inaitwa Venezia Mestre na nyingine Venezia Santa Lucia. Mestre ipo bara, mji wa kawaida wenye magari, Santa Lucia ndo ile ya visiwani ukitoka mlangoni tu unakutana na mfereji. Hoteli kibao za Mestre zinajiita za Venice. Treni kati yake ni kama dakika 10 tu kwa hiyo siyo mwisho wa dunia, mtu mwenye begi zito anaweza kabisa kuchagua Mestre kwa makusudi maana visiwani ni madaraja ya ngazi kila kona (mimi na ngazi jamani), lakini achague akijua, siyo ashtukie saa 4 usiku. Viwanja vya ndege ndo usiseme. Kuna ndege zinaandikwa Paris zinatua Beauvais, kama kilomita 85 kutoka Paris yenyewe. Tokyo ina Haneda iliyopo hapo hapo mjini na Narita iliyopo kama kilomita 60. Safari ya siku mbili, tofauti hiyo inaweza kubadilisha hata mtaa wa kulala, unachagua mtaa ambao treni ya uwanjani inafika moja kwa moja.

Moja kwa moja, hilo neno lishike. Hoteli iliyo vituo nane kwenye njia moja bila kubadilisha ni afadhali kuliko ya vituo vinne vyenye kubadilisha treni mara mbili. Kila kubadilisha unapotea kidogo, unapanda ngazi za umeme, unasubiri. Na "karibu na stesheni" uliza mlango gani. Shinjuku kule Tokyo ina milango zaidi ya 200, unaweza kuwa umefika stesheni na bado una robo saa ya kutembea ndani kwa ndani kabla hujaiona hoteli.

Kipimo kinachonisaidia kuliko vyote ni hiki, na hakichukui hata dakika tano. Kwenye Google Maps weka hoteli na sehemu unayokwenda, afu badilisha muda wa kuondoka. Usiache "sasa hivi", maana sasa hivi wewe upo kitandani Jumapili usiku, hakuna foleni. Weka siku yenyewe na saa yenyewe. Jumatatu saa 1 na nusu asubuhi kwenda mkutanoni, kwa gari, uone ile dakika 15 inavyogeuka "15 mpaka 45". Afu weka Jumamosi saa 7 usiku ya kurudi, kwa treni. Miji mingi treni zinalala. Tokyo zinasimama kwenye saa 6 usiku hivi mpaka alfajiri, London metro ya usiku kucha ipo Ijumaa na Jumamosi na ni kwa baadhi ya njia tu, New York ndo zinakimbia masaa 24. Kama unakwenda kwenye tamasha litakaloisha usiku mnene, hoteli ya "dakika 20 kwa metro" saa hizo itakuwa hoteli ya teksi.

Afu kuna zile mita 300 za mwisho, kutoka stesheni mpaka mlangoni. Hizi zitembee kwa macho kabla hujalipa, fungua zile picha za mtaani, sogea polepole. Unaangalia kama kuna sehemu ya waenda kwa miguu, kama kuna taa, kama kuna maduka yanayochelewa kufunga au ni ukuta mtupu wa ghala, kama mlango wa hoteli upo barabarani au uchochoroni nyuma. Hoteli inayogusa stesheni kabisa mimi huwa naikwepa, kelele na pilikapilika, naingia mtaa wa pili au wa tatu kwa nyuma, hapo unapata usingizi na bado ni dakika tano.

Mitaa ya maofisi nayo ina mambo yake. City of London, ile ya mabenki, wikendi ni kimya, sehemu nyingi za kula zimefungwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hoteli za mitaa ya maofisi mara nyingi zinashusha bei wikendi wakati zile za utalii zinapandisha, kwa hiyo kama ipo kwenye njia nzuri ya treni na we ni mtu wa kutoka asubuhi kurudi usiku, hilo ni dili. Nimeshalala hivyo mara kadhaa wala sijajuta.

Maoni ya wageni yasome, ila usisome yote, tafuta maneno. Andika "metro", "ngazi", "kelele", "begi" kwenye lugha ya apu uone yanakuja mangapi. Mtu aliyesema "lokesheni nzuri sana" hajakwambia kitu, nzuri kwa kwenda wapi? Anayesema "tulikuwa na mtoto kwenye kigari na lifti ya stesheni haifanyi kazi" huyo ndo ndugu yako.

Hoteli ya uwanja wa ndege sina ugomvi nayo, ila kwa usiku mmoja tu, ule wa kuamkia ndege ya alfajiri au wa kutua usiku sana. Na hata hapo angalia kama unafika kwa miguu au unasubiri kibasi chao, na kibasi cha kwanza asubuhi ni saa ngapi.

Siku ya mwisho watu wanaisahau kabisa. Saa 5 asubuhi umekabidhi chumba, ndege jioni, begi unalo. Hoteli ikiwa jirani na unapozunguka na inakubali kukutunzia begi, siku hiyo ni yako yote. Ikiwa mbali, utaburuta begi makumbusho au utarudi kulifuata, na ile hesabu yetu ya 16 inakatwa tena. Kwa hiyo kwenye uchaguzi nikibaki na hoteli mbili zinazolingana, inayotunza begi inashinda, hata kama chumba chake kidogo.

Bei ukilinganisha, usilinganishe ya chumba peke yake. Jumlisha na nauli za siku zote, zidisha kwa idadi yenu, ongeza teksi angalau moja ya usiku. Ile ya mbali "ya bei rahisi" mkiwa wawili watatu mara nyingi inaikuta ya karibu hapo hapo.

Mwisho kabisa, ukishabaki na moja, buku ile inayoruhusu kughairi bure, afu watumie meseji yenye swali moja la kijinga: "Natua saa 3 usiku, nina begi kubwa, nikishuka stesheni nitokee mlango gani na kuna ngazi ngapi mpaka kwenu?" Wakijibu "we're very central, dear guest" na kimoyo, ghairi. Mara ya mwisho nilipouliza, dada wa mapokezi alinijibu nitokee mlango namba 3 sababu ndo wenye lifti, nikate kushoto kwenye duka la miwani, ngazi ni mbili tu pale mlangoni kwao na kuna kijana atanipokea begi. Nikalipa.