Kabla ya kununua matairi ya pikapu, soma ubavu wake

Ukienda Kirinyaga Road, Nairobi, kutafuta matairi ya pikapu, beba tochi ya simu na kitambaa kikuukuu. Kitambaa ni cha kupangusa vumbi ubavuni mwa tairi, tochi ni ya kusomea maandishi yaliyo hapo. Nilianza kubeba vitu hivyo baada ya tairi la nyuma kunipasukia nikitoka Isinya na kreti za nyanya, saa nane mchana, lami ikiwaka joto, binti yangu ameketi kando yangu. Gari liliyumba kuelekea kulia. Nilishika usukani kwa mikono miwili, sikukanyaga breki, nikaliacha lipungue mwendo lenyewe hadi kando ya barabara. Hatukuumia. Lakini tairi lile nilikuwa nimelinunua miezi saba tu iliyopita, na meno yake yalikuwa bado marefu. Nilipochuchumaa kulitazama nikaona tarakimu nne ndani ya umbo la yai: 1114. Yaani wiki ya 11 ya mwaka 2014. Mimi nililinunua 2021.

Siku ya kununua, muuzaji aliniambia, "Mama, hili ni jipya kabisa, ona hata nywele zake zipo." Nywele zilikuwepo kweli, vile vijiuzi vya mpira vinavyochomoza kwenye meno. Vinatokea kiwandani, mpira wa moto unapopenya kwenye vitundu vya hewa vya kalibu. Vinakuonyesha kwamba tairi halijakanyaga barabara. Havikuonyeshi limekaa dukani miaka mingapi, na mpira huzeeka hata ukiwa umelala tu: hewa na joto huukausha, nao unapoteza ule mnyumbuko wake.

Kwa hiyo anza na tarehe. Tafuta herufi DOT, kisha fuata mstari wake mpaka mwisho. Tarakimu mbili za kwanza kati ya zile nne za mwisho ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka. Mara nyingi tarehe huandikwa upande mmoja pekee, kwa hiyo usipoiona mwombe kijana wa duka aligeuze tairi, na usione haya. Soma kila tairi peke yake. Nimewahi kukuta manne ya jina moja yamepishana miaka mitatu. Michelin na Continental wanashauri tairi liondolewe likitimiza miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama meno yapo. Mimi silipi pesa za tairi jipya kwa lililozidi miaka miwili, kwa sababu hiyo miaka ninayoinunua nataka niitumie mwenyewe.

Kisha saizi. Kwenye Hilux yangu imeandikwa 265/65R17 112S, na ndiyo utakayoikuta kwenye Prado nyingi pia. 265 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, asilimia 65 ya ule upana. 17 ni rimu kwa inchi. Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo mwenye pikapu anapokosea, maana 112 ni uzito. Kila tairi lenye 112 linaruhusiwa kubeba kilo 1,120 likiwa na upepo wa kutosha. Lenye 110 hubeba 1,060, lenye 104 ni kilo 900 tu. Ukiuziwa saizi ileile lakini namba hiyo iko chini ya iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kataa, hata bei iwe tamu vipi. Sehemu kubwa ya mzigo wa nyanya, viazi au simiti inakalia magurudumu mawili ya nyuma. S ni mwendo: kilomita 180 kwa saa, zaidi ya unaohitaji.

Vijana wa maduka hupenda kukushawishi upande hadi 265/70R17 ili gari "lisimame vizuri". Piga hesabu kwanza. Tairi zima la 65 lina kimo cha milimita 776 hivi kutoka chini hadi juu, la 70 lina 803. Tofauti ni kama asilimia tatu na nusu, kwa hiyo mshale wa mwendo ukisoma 100 wewe uko kwenye 103 na kitu, na gari linakuwa zito kidogo kuondoka ukiwa na mzigo. Usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi laweza kugusa plastiki ya ndani. Mimi nimebaki na saizi ya kiwandani.

Sasa aina, na hapa ndipo nataka ukae chini uhesabu kilomita zako kwa ukweli. Herufi H/T ni tairi la lami, A/T ni la lami na murram (barabara ya changarawe), M/T ni la matope. Usiende na jina la kampuni pekee, maana Bridgestone Dueler kuna H/T na kuna A/T, vivyo hivyo Yokohama Geolandar. Mimi natoka Kasarani, naingia Thika Road, nashika bypass, Mombasa Road, Athi River, Kitengela, hadi Isinya. Yote hiyo ni lami. Murram ni zile kilomita chache za mwisho tu, lakini ina mawe yenye makali, na mvua za Machi hadi Mei zikija pale pana udongo mweusi unaonata kama ugali ambao haujaiva. Nilichagua A/T ya meno ya wastani kwa ajili ya yale mawe. Mpira wake haumegeki ovyo. Kwenye udongo mweusi sikudanganyi: meno yakishajaa, A/T inateleza kama sabuni. M/T ingejisafisha vizuri zaidi, lakini ningelipa kwa kelele masikioni kila siku, mafuta mengi, na breki dhaifu kwenye lami yenye maji. Siku mvua ikizidi naacha gari kwa jirani aliye karibu na lami, naleta nyanya kwa bodaboda.

Kama safari zako ni Lang'ata hadi Upper Hill na kwenda ushago Desemba, nunua H/T nzuri. Ni tulivu, haili mafuta sana, inashika lami iliyolowa.

Matairi ya mtumba sinunui tena. Ukilazimika, liepuke tairi lenye mchoro ubavuni wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Mara nyingi hilo ni tairi la nchi za baridi. Mpira wake ni laini kusudi ushike barafu. Kwenye joto la Mombasa Road unaisha upesi, na gari linacheza kwenye kona. Tazama pia ndani ya tairi kama kuna kiraka karibu na bega, pale meno yanapokutana na ubavu. Kikiwepo, liache.

Pesa zikitosha mawili tu, yafunge nyuma. Najua fundi atakuambia mbele kwa sababu ya usukani. Lakini nyuma ikiteleza kwenye maji gari linazunguka, na dereva wengi hawawezi kulirudisha. Mbele ikiteleza, ukiachia mafuta mara nyingi gari linarudi njiani. Hii ni kwa pikapu ya kawaida. Gari linalovuta magurudumu yote manne muda wote linataka yote manne yalingane, la sivyo gia zinaumia.

Kujua kama ya zamani yameisha, tafuta herufi TWI begani, kisha angalia vituta vidogo ndani ya mifereji. Meno yakilingana navyo, zimebaki milimita 1.6, na mimi singoji hadi hapo. Nabadilisha yakifika milimita 3, kabla mvua hazijaanza.

Unapopatana bei, uliza kama ndani yake mna kufunga, balansi na valvu mpya, halafu lipia alaimenti (kunyoosha magurudumu) siku hiyohiyo. Simama pale fundi anapofunga. Nati zimaliziwe kwa spana ya mkono, si kwa ile bunduki ya upepo peke yake. Jaza upepo kulingana na kibandiko cha mlangoni. Pikapu nyingi zina presha mbili, ya gari tupu na ya mzigo. Pima asubuhi kabla ya kuendesha, na usitoe upepo tairi likiwa moto. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, rudi ukaze nati tena. Na kabla hujaondoka dukani, mwambie ateremshe spea iliyo chini ya bodi, uisome tarehe yake nayo.