Wafanyakazi wakikutajia hatari, wape jibu: namna ya kuwashirikisha katika usalama wa kiwanda kikubwa

Mimi ni afisa usalama katika kiwanda cha sukari huku Busoga, Uganda. Tuna watu wa mashine za kusagia miwa, wa boila, wa karakana, wa ghala, madereva wa matrekta, na vibarua ambao idadi yao hupanda na kushuka kulingana na msimu. Nawaandikia maafisa wenzangu, hasa mnaoanza kazi kwenye viwanda vikubwa vya Jinja, Lugazi, Tororo na Namanve, kwa sababu lalamiko ninalolisikia kila tukikutana ni lile lile: "Wafanyakazi wetu hawajali usalama."

Sikubaliani nalo hata kidogo. Hakuna meneja anayevipenda vidole vya mtu kuliko mwenye vidole. Wafanyakazi wanajali, ila wamechoka kusema bila kujibiwa. Mtu alishasema mwaka juzi kwamba ngazi ya tangi la molasi imelegea. Akaambiwa "tumesikia". Ngazi mpaka leo inacheza. Ukimwita kwenye semina umuulize maoni yake, atakutazama tu, na ana haki.

Kwa hiyo kazi ya kuwashirikisha watu ianze kwa kulipa madeni ya zamani. Kabla ya mabango, kabla ya fulana za Aprili 28, Siku ya Usalama na Afya Kazini Duniani, pita kila idara ukusanye yaliyokwisha kusemwa. Soma kumbukumbu za vikao vya nyuma. Fungua kitabu cha maombi pale stoo uone ni vitu gani viliombwa mara tatu na havikutolewa: glavu, balbu, gumbuti za namba kubwa. Kaa na wazee wa kila zamu, wale waliowaona mameneja wakija na kuondoka. Kisha chagua mambo yanayoweza kumalizwa haraka kwa vifaa vilivyopo, uyamalize. Ukishafanya hivyo ndipo uitishe mkutano wa kwanza. Utashangaa watakavyoongea.

Ubao wa getini

Weka ubao mkubwa mahali ambapo kila mtu hupita na kusimama, yaani pale wanapopanga foleni kugonga kadi. Usiuweke kwenye korido ya ofisi kuu ambako kibarua haingii. Andika juu yake hatari iliyotajwa, jina la anayeishughulikia, tarehe aliyoahidi, na hali ilivyo leo. Andika kwa herufi kubwa na kwa lugha wanayoongea uwanjani. Kwetu kuna Wasoga, Waganda, Wateso, watu wa West Nile na ndugu kutoka upande wa Kenya, na kinachowakutanisha ni Kiswahili, ingawa kumbukumbu za vikao bado zinaandikwa kwa Kiingereza. Kwa wasiosoma, mwakilishi wa zamu ausome ubao kwa sauti kabla kazi haijaanza.

Jiwekee sharti: kila aliyetaja hatari apate jibu ndani ya siku saba. Jibu linaweza kuwa "hapana", mradi liwe na sababu. Watu wa boila waliomba feni kubwa kwa ajili ya joto. Mhandisi akaenda mwenyewe, akawaonyesha vumbi la makapi ya miwa lililolala juu ya mabomba: likipeperushwa linaingia mapafuni, na penye moto linaweza kuwaka. Hawakununa. Wakashauriana wenyewe kwa wenyewe, wakaleta ombi lingine: maji ya kunywa yawekwe karibu, na wapokezane mapema zaidi katika sehemu yenye joto kali. Hilo likakubaliwa. "Hapana" yenye sababu iliwaheshimu kuliko "tutaangalia" yoyote.

Waulize kazi inafanywaje hasa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapopotea. Kwenye mkanda unaopandisha miwa kulikuwa na kinga ya bati kuzunguka gia na mnyororo. Kila ukaguzi ulikuta imetolewa na kuegemezwa ukutani. Barua za onyo zilikuwa zimetolewa, kinga ikirudishwa leo, kesho iko ukutani tena. Mtu wa ofisini angesema hao ni wakaidi.

Nilisimama pale zamu ya usiku na yule bwana anayeuendesha mkanda, nikamwomba anionyeshe kazi yake bila kunificha kitu. Majani ya miwa na udongo hujaa chini ya mnyororo, hasa siku za mvua. Yasipoondolewa, mkanda unakwama, na simu ya msimamizi wa zamu inaita papo hapo. Ile kinga ilikuwa imefungwa kwa bolti sita zenye kutu, na spana ya saizi yake ilikuwa moja tu, nayo inakaa karakana, ng'ambo ya uwanja. Kuifungua na kuifunga kungemla muda mrefu kila anaposafisha, na anasafisha zaidi ya mara moja kwa zamu. Akaniambia, "Mama, hii kinga ilitengenezwa na mtu ambaye hajawahi kusafisha hapa."

Tukamwita fundi wa kuchomelea na fundi umeme, tukakaa nao palepale, yule bwana ndiye akiongoza. Alichora kwa chaki sakafuni. Upande mmoja uwe na bawaba, ufunguke kama mlango. Chini kuwe na uwazi wenye wavu ili majani mengi yadondoke yenyewe. Fundi umeme akaongeza swichi inayozima mkanda pindi mlango ukifunguliwa, na kufuli la kuweka kwenye swichi kuu wakati mtu ana mkono ndani, ufunguo ukae mfukoni mwa anayesafisha na si kwa mtu mwingine. Kinga ile haijatolewa tena, na hakuna anayehitaji kuonywa.

Kwa hiyo ukikuta sheria inavunjwa kila siku, usikimbilie barua. Uliza: "Ukifuata utaratibu wote, ni nini kinakuchelewesha?" Na uliza: "Kazi gani hapa unaiogopa?" Halafu nyamaza. Kimya cha kwanza ni kirefu, usikijaze kwa hotuba. Msimamizi wake akiwa pembeni hutapata kitu, basi mwombe kwa heshima akupishe kidogo.

Wawakilishi, na hofu ya kufutwa kazi

Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inataja wawakilishi wa usalama na kamati ya usalama. Katika viwanda vingi kamati ipo kwenye faili, majina yameteuliwa na ofisi. Waachie wafanyakazi wachague wenyewe, kila idara na kila zamu. Hakikisha akina mama wanaofagia uwanja wa miwa wana mtu wao. Wao ndio wanaojua trekta gani linarudi nyuma usiku bila taa. Vikao viwe ndani ya saa za kazi na vilipwe. Kumwita mtu wa zamu ya usiku kikaoni saa nne asubuhi, akiwa hajalala, ni kumwambia usije.

Vibarua ni suala gumu zaidi. Wao hufanya baadhi ya kazi za hatari kuliko zote, na jina lao linaweza kurukwa kesho bila maelezo. Usiwaambie "semeni bila woga" kama huna cha kuwakinga nacho. Mfanye meneja mkuu aandike na kutia sahihi kwamba hakuna atakayeondolewa kwa kutaja hatari, isomwe getini kwa lugha zao, na wakala anayewaleta awekewe sharti hilo kwenye mkataba. Chama cha wafanyakazi kikiwapo, kishirikishe tangu mwanzo. Halafu fuatilia: waliotaja jambo mwezi huu, mwezi ujao bado wako kazini?

Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari iliyo karibu. Kuiweka kwenye bango ni rahisi. Mtihani wake ni siku mtu anaposimamisha mashine ya kusaga huku matrekta yamepanga foleni hadi barabarani. Miwa ikishakatwa hupoteza sukari kila saa inayopita, na kila mtu anayajua hayo, kwa hiyo presha ni ya kweli. Siku hiyo meneja aende mwenyewe amshukuru mbele ya wenzake, hata kama baada ya kukagua itaonekana mashine ilikuwa salama. Akimfokea mara moja tu, hakuna atakayesimamisha kitu tena. Zungumza na meneja mapema, wala usingoje siku yenyewe ifike.

Zawadi na hesabu

Nawasihi, achaneni na zawadi ya "idara isiyo na ajali". Nimeiona kwenye kiwanda kimoja: mwezi ukiisha bila ajali, kila mtu wa idara anapata kilo kadhaa za sukari. Kijana akakatwa kidole na bati, wenzake wakamfunga kitambaa wakamsihi asiende zahanati, maana sukari ya watoto wao wote ilikuwa mikononi mwake. Kidonda kikaoza. Tena jeraha lisiloandikwa popote linamsumbua mtu baadaye akidai fidia. Kama kuna kitu cha kutoa, kitolewe kwa waliotaja hatari au waliobuni namna ya kuiondoa.

Waandae mabosi pia kwa jambo moja: ukianza vizuri, taarifa zitaongezeka. Visa vya nusura ajali vilivyokuwa vinamalizikia kwenye posho (ugali) na maharage ya mchana sasa vitafika mezani kwako. Ripoti itaonekana mbaya kuliko ya mwaka uliopita. Waeleze kabla haijatokea kwamba hatari zilikuwepo, sasa zinaonekana.

Ajali ikitokea, mwakilishi wa wafanyakazi awe kwenye uchunguzi tangu saa ya kwanza, na swali liwe "ilitokeaje" kabla ya "nani".

Na kabla kiwanda hakijafungwa kwa matengenezo ya mwaka, chukua yale yote yaliyobaki ubaoni bila kumalizwa, uyasome mbele ya wawakilishi moja baada ya jingine, mhandisi mkuu na mhasibu wakiwepo. Matengenezo ndiyo nafasi ya kurekebisha yale yasiyowezekana mashine zikiwa zinazunguka. Kila jambo liondoke kikaoni likiwa na jina, fedha na wiki yake, na ukurasa huo ubandikwe getini siku hiyo hiyo.