Gari Linachemsha na Mafundi Watatu Wameshindwa: Anzia Hapa

Mwalimu mmoja wa Kiboswa aliniletea Toyota 110 la mwaka 1998 hapa Kisumu. Kila akipanda kilima cha Riat kurudi nyumbani, geji ya joto inapanda naye. Fundi wa kwanza aling'oa thamostati (valvu inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto) akaitupa. Wa pili akabadilisha pampu ya maji. Wa tatu akataka kushusha hedi, yaani kichwa cha injini. Kama yamekukuta hayo, funga pochi kwanza.

Hatua ya 1: Andika linachemsha lini. Likichemsha kwenye foleni ya Kondele na kupoa likianza kutembea, shuku feni au waya zake. Likichemsha mlimani, shuku rejeta iliyoziba, maji yanayopotea, au mfuniko. Ukimwambia fundi "linachemsha" tu, atakuuzia anachokijua.

Hatua ya 2: Dai spea zako kuukuu. Mwalimu alikuwa na ile pampu ya zamani kwenye buti. Niliizungusha kwa mkono: haichezi, haina alama ya kuvuja. Nzima kabisa.

Hatua ya 3: Mfuniko wa rejeta. Huu hudharauliwa kwa sababu ni wa bei ndogo. Washa injini hadi ipate moto, kisha bonyeza bomba la juu la rejeta kwa kitambaa. Likiwa teketeke, presha haipo. Zima, subiri injini ipoe kabisa (nimeona mvuke ukimbabua mtu uso), ndipo ufungue. Angalia kama mpira una nyufa na springi imelegea.

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya bahari, na maji ya wazi huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Injini yenyewe hufanya kazi karibu na hapo. Kinachozuia maji yasichemke ni presha, na presha hushikwa na mfuniko. Mfuniko ukifa, hata ubadilishe pampu kumi, gari litachemsha tu. Nunua wenye namba ileile ya presha, 0.9 au 1.1. Usipandishe namba, rejeta kuukuu inaweza kupasuka.

Hatua ya 4: Rudisha thamostati. Bila hiyo injini huchelewa kupata joto na hunywa mafuta. Kabla ya kuifunga, ichemshe kwenye sufuria isiyopikiwa chakula uone kama inafunguka. Nyingi hufunguka karibu na nyuzi 82.

Hatua ya 5: Hedi iwe ya mwisho. Asubuhi injini ikiwa baridi, jaza maji, washa bila mfuniko. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hapo gasketi ya hedi ina kesi. Kwa mwalimu hakukuwa na povu wala chai.

Badilisha kitu kimoja, kisha jaribu mlima uleule. Tuliweka mfuniko, tukapanda Riat: geji ikatulia katikati. Thamostati ikafuata siku ya pili, tukapanda tena tukiwa watu wanne, ikatulia vilevile. Pampu ya zamani bado imo kwenye buti lake. Anasema anamngoja yule fundi wa pili.