Kabla ya Kuuza Nyumba Ambayo Hati Yake Haijakamilika

Mama alipoamua kuuza nyumba yetu, iliyo nje kidogo ya Nakuru upande wa Njoro, alinipa bahasha ya kaki iliyokuwa imelala chini ya godoro lake tangu baba afariki. Ndani mlikuwa na cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba, muhuri wake umefifia hadi rangi ya chai, kikaratasi cha balloti, yaani kura ya kugawana ploti, chenye namba ya ploti, na risiti nne za pesa za sorovea, mpima ardhi. "Hati ndiyo hiyo, mwanangu," akaniambia. Haikuwa. Tulikuwa tumeishi pale zaidi ya miaka ishirini na nyumba ni ya mawe, lakini jina la baba halikuwemo popote katika rejista ya ardhi.

Kibaya zaidi, mnunuzi alikuwa ameshatoa laki tatu za kwanza, na mama alikuwa ameshalipa karo ya mdogo wangu kwa hizo hizo. Baada ya miezi minane mnunuzi alichoka kungoja, akazidai, nasi hatukuwa nazo. Tulikopa kwenye chama tukamrudishia. Alikuwa mtu mwema na aliyekosewa, na makosa yalikuwa yetu. Ndiyo maana nawasihi wenye nyumba kama yetu: usipokee hata shilingi kabla hujajua karatasi yako imefika wapi.

Pa kuanzia ni rejista yenyewe. Watu wengi hudhani kufanya sachi, yaani kuomba taarifa za ardhi kutoka kwenye rejista, ni kazi ya mnunuzi. Fanya wewe mwenyewe kwanza. Ukiwa na namba ya hati, kitambulisho na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ada ni ndogo, na utapata karatasi inayosema ardhi ni ya nani, ukubwa wake ni gani, na kama kuna deni la benki au zuio lililowekwa juu yake. Hapo ndipo wengine hugundua kwamba mkopo waliomaliza kulipa zamani bado umeandikwa, kwa sababu hakuna aliyepeleka barua ya benki ya kuachilia hati ikasajiliwe. Wengine hukuta jina lililo kwenye hati halilingani na la kitambulisho. Kasoro kama hizo hurekebishika, ila huchukua wiki kadhaa, na ni heri wiki hizo zipite kabla mnunuzi hajaanza kukupigia simu kila jioni. Kama hati imepotea, jipe muda zaidi: utahitaji ripoti ya polisi, hati ya kiapo, na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali linalokaa siku 60 kabla ya kupewa hati mpya.

Namba ya hati ikiwa haipo kabisa, kama kwetu, jiulize ardhi ilikufikiaje. Huku Nakuru mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa baada ya uhuru na kampuni na vyama vya ushirika, wanachama wakapewa hisa, kisha wakapiga balloti. Cheti cha hisa kinaonyesha ulichangia. Hakikufanyi mmiliki aliyesajiliwa. Nenda kwenye ofisi ya kampuni, au uwatafute wazee waliobaki katika uongozi wake, uone kama jina la mzazi wako limo katika orodha ya wanachama, na kama namba ya balloti ndiyo hiyo hiyo iliyo kwenye ramani ya upimaji. Sisi tulikuta namba mbili tofauti, kwa sababu ploti zilihesabiwa upya baada ya barabara kupanuliwa. Kama tungeuza kwa namba ya balloti, tungekuwa tumeuza boma la jirani.

Mwenye barua ya ugawaji ya serikali au ya lililokuwa baraza la mji naye asijidanganye. Mwaka 2023, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba barua hiyo peke yake haimpi mtu umiliki, ni ofa tu hadi masharti yake yatimizwe na ardhi isajiliwe. Kumwuzia mtu barua na kuiita nyumba ni kumwuzia kesi.

Sasa nifike kwenye jambo linalokwamisha mauzo mengi kuliko yote, kuanzia hapa hadi Kisumu na Kakamega: ardhi iliyo bado kwa jina la marehemu. Sheria ya urithi hairuhusu ardhi au nyumba ya marehemu kuuzwa kabla mahakama haijathibitisha barua za usimamizi wa mirathi. Kujitwalia mali hiyo na kuigawa au kuiuza ni kosa la jinai. Njia yenyewe inajulikana. Chifu anaandika barua inayowataja warithi wote, ombi linapelekwa mahakamani, linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30, msimamizi anateuliwa, na kwa kawaida baada ya miezi sita anarudi mahakamani kuomba uthibitisho. Cheti cha uthibitisho ndicho kinachoonyesha nani anapata nini, nacho ndicho msajili wa ardhi atakachotaka kuona.

Wasiwasi wangu hasa ni ile barua ya chifu. Familia nyingi huandika wana wa kiume na kuwaacha mabinti walioolewa, wakisema wana kwao. Sheria haimtengi binti kwa kuwa ameolewa. Dada yangu mkubwa anaishi Bungoma kwa mume wake, na ami mmoja alisema tusimsumbue. Tulimsumbua. Alipanda matatu, akaja, akatia sahihi mbele ya wakili, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuuliza. Mtu aliyeachwa nje anaweza kurudi mahakamani baadaye na kuomba uthibitisho ufutwe, na wakati huo mnunuzi ameshapaka nyumba rangi. Ikiwa kuna makaburi uwanjani, mwambie mnunuzi siku ya kwanza anapokuja kutazama, na mkubaliane kwa maandishi kama yatabaki pale na nani ataruhusiwa kuyatembelea.

Karatasi zikishaanza kukaa sawa, rudi kwenye udongo. Mlete sorovea mwenye leseni akuonyeshe bikoni zote, yaani alama za mpaka. Kwetu tatu zilipatikana haraka. Ya nne tuliitafuta asubuhi nzima, mpaka kijana wa sorovea akaingiza jembe chini ya ua wa kaiyaba, akachomwa na miiba hadi damu, kisha tukasikia chuma kikigonga chuma. Ilikuwa ndani ya ua, hatua mbili kutoka tulikodhani mpaka unapita. Choo chetu cha nje kilikuwa kwa jirani! Tulizungumza naye tukakibomoa. Ingekuwa aibu kubwa mnunuzi ndiye aligundue.

Kama nyumba ni ya wanandoa, mwenzi lazima akubali kwa maandishi, hata kama hati ina jina moja tu. Na kama ardhi bado imeandikwa kuwa ya kilimo, ambavyo ndivyo ilivyo kwa ploti nyingi za pembezoni mwa mji, bila idhini ya bodi ya ardhi mauzo ni batili. Ombi linatakiwa kufika kwa bodi ndani ya miezi sita tangu mkataba kutiwa sahihi. Mara nyingi bodi hutaka kuwaona mke na watoto wakubwa ana kwa ana, basi usipange siku hiyo wakati mmoja yuko safarini.

Kuhusu kodi, nitasema kwa ufupi. Ushuru wa stempu ni wa mnunuzi: asilimia 4 ndani ya mji, asilimia 2 nje. Kodi ya faida ya mtaji ni ya muuzaji, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Mtu aliyeishi katika nyumba yake mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza husamehewa. Asiyehusika na msamaha huo atafute risiti za simenti, mabati na fundi, kwa sababu gharama za kujenga hupunguza hesabu ya faida. Lipa pia kodi ya ardhi ya kaunti uliyobakiza, maana utadaiwa cheti cha kuonyesha huna deni.

Mkataba uandikwe na wakili mwenye leseni ya mwaka huo, na kila upande uwe na wakili wake ikiwezekana. Kama usajili haujakamilika, mkataba uliseme hilo waziwazi: nini kimebaki, nani atakikamilisha, nani atalipa, na nini kitatokea kikishindikana. Siku 90 zilizozoeleka za kukamilisha mauzo hazitatosha mirathi ambayo haijaanza, kwa hiyo usizikubali kwa sababu tu ya kumpendeza mnunuzi. Ile asilimia 10 ya bei inayolipwa kwanza ikae kwa wakili hadi hati itoke. Na broka atakayekwambia muandikiane kwenye karatasi ya daftari ili kuokoa muda, mwache aende zake.

Sisi tulimaliza baada ya mwaka mmoja na nusu. Mnunuzi wa pili alikaa sebuleni akasoma hati mpya, jina la mama likiwa juu, akaiweka mezani na kuuliza namba ya mita ya stima. Mama akamwandikia nyuma ya ile bahasha ya kaki.