Saipresi ya Meksiko au magnolia: kuchagua, kupanda na kutunza katika bustani ya Nairobi

Anayetafuta mti wa kigeni wenye kijani cha mwaka mzima katika vitalu vya kando ya Barabara ya Ngong au Lang'ata atakutana kwanza na saipresi ya Meksiko, ambayo miche yake hupangwa kwa mamia, na akiuliza zaidi ataonyeshwa magnolia yenye maua makubwa, ambayo miche yake huwa michache na bei yake ni ya juu zaidi. Yote miwili ni miti ya Amerika ya Kaskazini, na yote miwili hustawi hapa kuliko mingi ya jamaa zake wa kule. Miti inayosifiwa huko kwa kubadilisha rangi za majani, ukiwemo ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, imezoea majira ya baridi kali. Ikiletwa karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, hukosa ishara ya kuijulisha wakati wa kulala na wakati wa kuchipua. Miti hii miwili haina haja ya usingizi huo.

Kinachoitofautisha hasa ni mahali ilikozaliwa. Saipresi hutoka katika nyanda za juu za Meksiko na nchi jirani kama Guatemala, kwenye mwinuko, mvua za msimu na kiangazi ambavyo havipishani sana na vya Nairobi, iliyo karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ndiyo maana hukua hapa kwa haraka, na ndiyo maana Kenya imeipanda kwa wingi katika misitu yake ya mbao. Magnolia, kwa upande wake, ni mti wa tambarare za kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia North Carolina hadi Florida na kuelekea Texas, penye joto jingi, unyevu na udongo wenye asidi kidogo. Ubaridi wetu wa Juni hadi Agosti hauidhuru hata kidogo, lakini huichelewesha. Anayetaka kujificha macho ya jirani wa ghorofani katika muda mfupi asidanganywe na picha za maua, magnolia haitamfaa.

Udongo ndio wa kuangaliwa kabla ya pesa kutolewa. Chimba shimo la kina cha nusu mita, lijaze maji, kisha litazame kesho yake. Katika udongo mwekundu wa Karen, Lavington, Westlands na upande wa Kikuyu, maji yatakuwa yamezama, na miti yote miwili itakubali. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi wa Embakasi, Syokimau au Kitengela, huenda ukayakuta bado yamesimama. Udongo huo hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua hadi mizizi michanga ikakatika. Hapo saipresi yaweza kujaribiwa juu ya tuta lililoinuliwa kiasi cha sentimita 30. Magnolia singeishauri, kwa kuwa udongo huo mara nyingi una chokaa, na mti huu ukikosa asidi majani yake hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, ishara kwamba umeshindwa kufyonza madini ya chuma.

Wakati wa kupanda ni mmoja kwa yote miwili: mvua za masika zikishakolea, yaani Aprili, au vuli ikishaanza vizuri. Usipande kwa mvua ya kwanza, ambayo mara nyingi hunyesha siku mbili na kutoweka.

Wengi wanaonunua saipresi wanataka ua, basi tuanze hapo. Panda miche ya urefu wa goti, si ile iliyokaa kitaluni hadi ikafika kifuani; mche mrefu katika mfuko mdogo huwa na mizizi iliyojizungusha, na mti wenye mizizi ya namna hiyo huja kuangushwa na upepo ukiwa mkubwa. Acha kati ya sentimita 60 na mita moja baina ya mche na mche, na uache angalau mita moja na nusu kutoka ukuta wa mpaka, maana bila nafasi hiyo hakuna atakayeweza kupita na makasi upande wa nyuma. Epuka kabisa kuipanda chini ya nyaya za umeme, kwani ikiachwa hufika mita 30 na zaidi.

Ukataji ndio kazi yenyewe ya saipresi, na ndio unaokosewa zaidi. Mti huu hauchipui tena kutoka katika tawi kuukuu lisilo na kijani. Mwenye ua akiuacha miaka mitatu unenepe, kisha akamwita mtu wa panga aurudishe ndani kwa nusu mita, atabaki na ukuta wa vijiti vya kahawia ambavyo havitavaa majani tena. Kwa hiyo anza kupunguza pembeni tangu mwaka wa kwanza, ukigusa ncha za kijani tu, na urudie kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa kuwa Nairobi haina majira ya kuusimamisha mti usikue. Kilele kiache kipande hadi kikaribie kimo unachokitaka, kisha kikatwe chini kidogo ya kimo hicho. Chini uwe mpana kuliko juu, ili jua lifikie matawi ya chini. Ua uliopanuka juu hupara miguuni, na mbuzi au mbwa huanza kupita humo. Usikate Januari na Februari, mti ukiwa na kiu.

Sababu ya tahadhari hiyo ni vidukari vya saipresi, wadudu walioonekana Malawi mwaka 1986 na kuingia Kenya mwaka 1990, wakakausha nyua na misitu na hata kuushambulia mtarakwa wetu wa asili. Nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidukari hivyo waliletwa katika miaka ya 1990 ili kuvipunguza, na hali ikapoa, lakini adui hajaondoka. Huwezi kumwona ukiwa umesimama barazani. Tenga majani kwa mikono miwili utazame ndani, kwenye vijiti vyembamba: utawaona wamejipanga kwenye gome, wa kahawia na kijivu, wakubwa kuliko vidukari vya sukuma wiki, sisimizi wakipanda na kushuka kati yao, na majani ya chini yamepakwa utando mweusi kama masizi. Tawi huanza kukauka kutoka ndani kwenda nje, hivyo anayengoja kuona ukavu kwa nje amechelewa. Wakiwa wachache, mnyunyizio wa maji kwa nguvu na wa maji ya sabuni hupunguza idadi yao. Wakienea, nunua katika duka la agroveti dawa inayopenya ndani ya mmea, uitumie kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Ugonjwa mwingine ni donda la gome, unaoletwa na kuvu: utomvu hutiririka mahali palipopasuka na tawi moja hukauka peke yake. Saipresi ya Monterey kutoka California, iliyopandwa sana Kenya hapo zamani, iliachwa kwa sababu ya ugonjwa huo, na nafasi yake ikachukuliwa na hii ya Meksiko ambayo hustahimili zaidi. Kata tawi lililougua, ulichome, na upanguse makasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mti wa pili. Mafundi wanaozunguka mtaani na makasi yale yale kutoka ua hadi ua watakushangaa, lakini sisitiza.

Magnolia haihitaji karibu lolote kati ya hayo. Ugumu wake uko mwanzoni. Uliza muuzaji kama mche umetokana na mbegu au umebebeshwa, kwa sababu ule wa mbegu waweza kukaa miaka kumi au zaidi bila kutoa ua, ilhali uliobebeshwa huweza kuchanua baada ya miaka miwili au mitatu. Asiyejua kujibu, chukulia ni wa mbegu, na ulipe kama wa mbegu. Kwa kiwanja cha futi 50 kwa 100, aina fupi iitwayo Little Gem, ambayo huishia karibu mita sita, inafaa kuliko ile ya kawaida inayoweza kupita mita 20.

Shimo la magnolia liwe pana mara mbili au tatu ya mfuko, lakini lisizidi kina cha mfuko. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, na usifukie shina zaidi ya lilivyokuwa kitaluni. Chagua mahali mara moja tu, mita sita au zaidi kutoka nyumbani na mbali na shimo la maji machafu, kwani mizizi yake ni minene, laini na haipendi kuhamishwa. Miaka miwili ya mwanzo, wakati wa kiangazi, uupe mtungi wa lita 20 mara mbili kwa wiki. Maji ya mgao yasipotosha, yaliyotumiwa kuoshea mboga yatafaa. Tandaza nyasi kavu kwa unene wa sentimita saba hivi, zisiguse shina.

Malipo ya subira hiyo ni ua jeupe linaloweza kufikia sentimita 30 kwa upana, lenye harufu inayokaribia ya limau. Likianguka huacha koni inayopasuka na kuning'iniza mbegu nyekundu kwa nyuzi nyembamba. Jani nalo linapendeza kulitazama, juu linang'aa na chini lina manyoya ya rangi ya kutu. Lakini majani hayo ni magumu kama ngozi, huanguka kidogo kidogo mwaka mzima na huchukua muda mrefu kuoza, na kivuli chake huua nyasi. Watu wengi hukata matawi ya chini ili nyasi ziote, kisha wakajikuta wakifagia kila siku kwenye ardhi iliyo wazi. Ni heri kuyaacha matawi hayo yaguse ardhi: majani yataanguka ndani ya sketi hiyo, yatajikalia humo bila kuonekana, na yatakuwa matandazo ya mti wenyewe.