Kabla Hujafungua Mashine ya Kuoshea Vyombo, Wala Kumwita Fundi

Chomoa plagi. Kuzima kwa kitufe cha mlangoni hakutoshi, maana ndani bado kunaweza kuwa na umeme. Chomoa ukutani, kisha funga koki ya maji chini ya sinki. Kama plagi imefichwa nyuma ya kabati na mkono haufiki, shusha swichi ya jikoni kwenye boksi kuu. Fundi anayekwambia "haina shida mama, nimezoea" usimruhusu aguse mashine yako.

Halafu tazama maji. Nyumba nyingi hapa Dar zinategemea simtanki, na mashine nyingi za kuoshea vyombo zinataka presha isiyopungua bar 0.3, nyingine 0.5. Maji yakipanda kimo cha mita 10 ndipo yanatoa bar 1 hivi. Piga hesabu mwenyewe: tanki lililo mita 3 juu ya koki linakupa bar 0.3 na hakuna ziada. Kama simtanki lako limekaa kwenye kijukwaa kifupi nyuma ya jiko, mashine itasubiri maji, itachoka, itawasha taa ya hitilafu, na utaambiwa valvu ya kuingizia maji imekufa. Fungua mpira wa kuingizia maji, elekeza koki kwenye ndoo, uone maji yanavyotoka. Yakitoka kwa kulegea, usinunue valvu. Na hapo hapo mpira ulipofungwa, chungulia kichujio kidogo cha wavu. Kitoe kwa koleo, kisugue kwa mswaki wa zamani. Mchanga na kutu vikijaa pale mashine haipati maji hata tanki liwe juu ya ghorofa.

Ubora wa maji nao usiupuuze. Angalia ndani ya birika lako la umeme. Ukiona ukoko mweupe, jua kwamba ukoko huo huo unajengeka kwenye hita ya mashine na kwenye vitundu vya mikono inayonyunyiza. Mashine nyingi zina kipande cha kulainisha maji, chenye punje zinazonasa chokaa, na punje hizo husafishwa kwa chumvi. Chumvi yenyewe ni ile ya mashine, ya mawe makubwa na safi. Usitie chumvi ya mezani: imetiwa madini joto na vitu vya kuizuia isigande, na punje zake ndogo huziba. Mara ya kwanza jaza maji kwenye chombo cha chumvi kabla ya kuitia, na ukimaliza washa mashine papo hapo, kwa sababu chumvi iliyomwagika ikilala ndani inakula chuma. Tena soma kijitabu uone namna ya kupanga kiwango cha ugumu wa maji. Wenye maji ya kisima wengi hawajawahi kukigusa, kimebaki vile kilivyotoka kiwandani.

Umeme. Hita inakula wati 2,000 hivi, karibu ampea 9. Kile kifaa cha kulinda friji ulichonacho yawezekana ni cha ampea 5, kwa hiyo usichomeke mashine humo. Wala usitumie ekstensheni. Na ukigusa mlango ukahisi kama unatekenywa, acha kila kitu: nyumba haina ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, au waya huo umekatika. Hilo ni la fundi umeme wa nyumba, siku hiyo hiyo.

Chujio la chini lisafishwe kila wiki. Kwetu watu wa nazi hili ni lazima, maana machicha yakiingia mle yanashikana na mafuta ya mchuzi yanakuwa kama lami. Kwangua sahani kwanza, wali na miiba ya samaki viende kwenye pipa. Ukitoa chujio, chota maji yaliyobaki kwa sponji, kisha kagua kishimo cha pampu kwa koleo na tochi, usitie vidole. Kipande cha glasi kikilowa hakionekani. Ukirudisha chujio, lizungushe mpaka likaze. Likikaa upande, uchafu wote unapita kwenda kwenye pampu.

Sasa sabuni. Hapa naomba mnisikilize vizuri.

Siku ya pili ya Idd tulikuwa na vyombo vya watu ishirini na kitu. Vidonge vya mashine vilikuwa vimekwisha, na dada anayenisaidia nyumbani akatia vijiko viwili vya sabuni ya maji, ile ya kuoshea kwa mkono. Sikuwa nimemwambia kitu, kwa hiyo kosa ni langu. Baada ya robo saa povu likaanza kutoka chini ya mlango, likatambaa mpaka kwenye friji. Tukazima, tukapangusa, tukawasha tena ili imalizie. Kesho yake nilipochomeka plagi, mashine ikaanza kuunguruma yenyewe, mfululizo, haivuti maji, haioshi, haizimiki mpaka uchomoe.

Nikaita fundi. Alisikiliza dakika mbili akasema pampu imekufa. Pampu mpya na ufundi, 180,000. Akafunga, tukachomeka, ikaunguruma vile vile. "Basi ni bodi, mama." Bodi, yaani kibao cha saketi kinachoongoza mashine, 350,000, nikasubiri wiki tatu ifike. Ikaja, ikafungwa, muungurumo ule ule. Fundi akaacha kupokea simu.

Mzee mmoja anayenitengenezea friji alipita kwa shughuli nyingine. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakufungua begi. Aliweka kiganja ubavuni mwa mashine akaniuliza, "Mwanangu, kabla haijaanza hivi, kulitokea nini?" Hilo swali hakuna aliyekuwa ameniuliza. Nikamsimulia habari ya povu. Akafungua skrubu mbili za kibao cha chini, akalala kifudifudi, akamulika tochi, akaniita nami nilale nione. Chini kabisa kuna sinia ya plastiki, na ndani yake maji ya kimo cha vidole viwili, yenye utando mweupe wa sabuni. Juu ya maji kulikuwa na kipande cha povu gumu, cheupe, mfano wa kipande cha boflo, kinaelea. Hicho ni boya. Likinyanyuka linabonyeza swichi ndogo, na swichi hiyo inaiambia mashine kwamba kuna maji yanavuja, ifunge kuingiza na ivute kutoa bila kuacha. Mzee alilikandamiza boya kwa bisibisi. Tak! Jiko likawa kimya. Akaliachia, muungurumo ukarudi.

"Haijafa hii. Imejizuia isikumwagie maji nyumba nzima."

Tukachomoa, tukakausha sinia kwa sponji na matambara, tukaweka feni usiku kucha. Asubuhi ikaosha vyombo. Na fikiria hili, kwa sababu mimi lilinichukua 530,000 kulielewa: pampu inayounguruma na kutoa maji bila kukoma ni pampu nzima. Iliyokufa isingetoa maji.

Kwa hiyo kabla ya kukubali kubadilisha kifaa chochote, chomoa mashine, ivute mbele, mulika sinia. Kwenye nyingi za Bosch zenye kioo cha namba, E15 ndiyo ishara ya jambo hili. Ukikausha na maji yakarudi bila povu, hapo kuna mvujo wa kweli: kagua vibano vya mipira, mpira wa mlango, na mpira wa kutolea maji, ambao panya wanaupenda sana. Povu nalo likikutokea, usiwashe tena. Lichote kwa kikombe, mwagia siki kidogo lipungue, suuza, uchote tena. Kisha mwonyeshe kila anayeingia jikoni kwako sabuni ipi ni ya mashine, na ile nyingine iweke kabati tofauti.

Mengine ni mafupi. Mpira wa kutolea maji upande juu, ufungwe chini ya meza ya sinki kabla ya kushuka kwenye bomba, la sivyo maji machafu ya sinki yatarudi kwenye vyombo. Sufuria za alumini zitakuwa nyeusi, ziache nje. Mwiko, upawa wa kifuu na kibao cha mbuzi, nje pia. Visu ncha chini. Pangusa mpira wa mlango kila jioni na uache mlango wazi kidogo, harufu haitakaa. Ukoko uondoe kwa unga wa asidi ya limau, mashine ikiwa tupu, na usichanganye kamwe na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa kuwa hewa inayotoka hapo inaunguza mapafu. Vidonge vya sabuni vifungiwe juu, kwa mtoto vinaonekana kama peremende na vinachoma koo. Ukisafiri, funga koki. Umeme ukikatika, chomoa mpaka utulie. Mende wakizidi jikoni wapige dawa mapema, wanapenda joto la bodi na wanaiunguza. Kifaa cha zamani kikitolewa, mwambie fundi akuachie, ukione na ukitunze. Na fundi akitaja bei kabla hajauliza kulitokea nini, mshukuru, mpe nauli, aende.